Jibu: Naimba kwaya ila moyo umepoa

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umesema kwaya unaimba, zaka unatoa, lakini tangu uhamie Mafinga ukipiga magoti maneno hayaji, na unaulilia moto wa mwaka ule uliookoka.

Kabla ya kufunga au kutafuta mkesha, angalia kwanza kama kuna mtu hujamsamehe. Mimi niko Uyole, hapa Mbeya. Nilikauka karibu miaka miwili, kumbe nilibeba kinyongo na mwenzangu wa biashara ya viazi. Nikamfuata Mwanjelwa, tukayamaliza. Siku ile sikusikia chochote moyoni. Maombi yalifunguka wiki kadhaa baadaye.

Kisha soma Ufunuo 2:1-7 polepole. Waefeso walikuwa wachapakazi, wavumilivu, waliwagundua mitume wa uongo, na bado Bwana aliwadai upendo wao wa kwanza. Hawakuambiwa wasubiri hisia. Wakumbuke walikoanguka, watubu, wayafanye matendo ya kwanza. Yako yalikuwa yapi? Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja, blanketi mabegani hata baridi ya Juni, nasoma Zaburi moja kwa sauti; Jumamosi natembelea wagonjwa. Nilirudia hayo mawili tu.

Na kama kwaya inakuchosha, mwombe mwalimu wako mwezi mmoja wa kupumzika. Si dhambi, dada yangu.