Shangazi, ugonjwa wa akili wa mwanangu umetoka katika ukoo wa mume wangu. Nidai talaka?

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, nina watoto watatu na nimekaa katika ndoa miaka 22. Mwanangu wa kwanza ana miaka 20. Mwaka jana, akiwa chuoni, alianza kujifungia chumbani, akakataa chakula akidai kimetiwa sumu, akawa anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Tulimpeleka hospitali na daktari akasema ni skizofrenia. Daktari alipouliza kama kuna mgonjwa mwingine wa namna hiyo katika familia, ndipo mume wangu akasema kwamba shangazi yake, dada wa baba yake, aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mara kadhaa kabla hatujaoana. Miguu iliniisha nguvu. Miaka yote hiyo nilifichwa! Kwetu Kondoa hakuna ugonjwa huo, ukimwondoa mama yangu, aliyechanganyikiwa kwa muda alipomzaa mdogo wetu wa mwisho kwa sababu mke mwenzie alimfanyia mambo, na mjomba wangu mmoja ambaye ni pombe tu inayomfanya azungumze peke yake. Dawa za hospitali zilimfanya mwanangu atetemeke na kutokwa na mate, nikaziacha, nikampeleka kwa mganga, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Sasa mama mkwe ameacha shamba lake la uwele Mvumi na kuhamia kwangu. Anaonja kila tonge la ugali mbele ya mwanangu kabla hajala, kana kwamba mimi ndiye ninayetia sumu. Mume wangu nimemwambia ampeleke mwanawe kwao, tangu hapo hasemi nami. Binti yangu wa miaka 17 ananiuliza kama naye atakuwa hivyo. Kaka yangu anasema ninaweza kuivunja ndoa hii kwa kuwa nilidanganywa. Nifanye nini?

Mama mwenye uchungu, Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza. Kijana uliyemsindikiza chuoni na godoro lake amerudi nyumbani akiogopa chakula ulichompikia kwa mikono yako, na huo ni uchungu ambao maneno yangu hayawezi kuupunguza. Lakini hukuniandikia ili nikupe pole. Umeniandikia ili niwe upande wako dhidi ya mume wako, na hilo sitalifanya, kwa sababu barua yako yenyewe inamtetea yeye.

Daktari aliuliza swali moja, nanyi mlikuwa wawili chumbani. Mume wako alijibu ukweli ulioweza kumwaibisha mbele ya mkewe, kwa kuwa aliona kwamba mwanawe anauhitaji. Wewe ulijibu nini? Barua yako haisemi kwamba ulimtaja mama yako wala mjomba wako. Nyani haoni kundule, mwanangu. Mwanamke anayechanganyikiwa baada ya kujifungua ana hali ambayo watu wetu huiita kichaa cha mimba, inayompata mzazi mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, na hali hiyo ina uhusiano wa karibu na maradhi ya akili yanayoonekana katika familia, hususan yale ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mke mwenza hakuhitajika ili itokee. Kuhusu mjomba wako sitasema ana ugonjwa gani, kwa maana sijamwona. Nasema tu kwamba mtu anayezungumza peke yake miaka nenda miaka rudi alistahili kuonwa na daktari kabla ya ukoo kuamua kwamba ni pombe.

Sasa tufanye hesabu ya damu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake, yaani chembe za urithi, kwa baba na nusu kwa mama. Kwa wastani anashiriki robo ya vinasaba na bibi yake mzaa mama, na sehemu moja tu kati ya nane na shangazi wa baba yake. Kwa hiyo huyo shangazi wa mume wako unayemshitaki, ambaye hata sina hakika kama ulipata kumwona, yuko mbali zaidi na mwanao kuliko mama yako mzazi. Sisemi hivi ili mzigo uhamie Kondoa. Nasema hivi ili uone kwamba fimbo uliyoichukua kumpigia mume wako ina ncha mbili.

Ukweli ni kwamba hakuna ukoo unaoweza kubebeshwa ugonjwa huu peke yake. Huenda unaufikiria kama selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambapo kinasaba kimoja kinajulikana, na wazazi wote wawili wakiwa wanakibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Skizofrenia haiendi hivyo. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya zaidi ya watu 76,000 wenye ugonjwa huo, wakiwalinganisha na wengine zaidi ya 240,000, wakakuta maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana nao. Kila eneo linaongeza uwezekano kwa kiasi kidogo mno, na maeneo hayo yametawanyika katika koo zote za wanadamu: kwenu, kwao, na kwangu pia. Mengine yanahusika vilevile na sonona, usonji na maradhi ya hisia kupanda na kushuka, ndiyo maana katika familia moja bibi anaweza kuugua namna moja na mjukuu namna nyingine. Tena yapo mabadiliko ambayo hayatoki kwa mzazi yeyote. Kuna kipande kidogo cha kromosomu ya 22, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, ambacho wakati mwingine hukosekana. Mara nyingi upungufu huo huanzia kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili wakiwa hawana, na takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye upungufu huo hupata ugonjwa wa akili unaofanana na wa mwanao.

Kati ya watu 100, takribani mmoja huugua skizofrenia katika maisha yake. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto hupanda hadi takribani 10 kati ya 100, na wazazi wote wawili wakiwa nayo hufika takribani 40. Pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, mmoja akiugua mwenzake huugua karibu nusu ya mara tu, na wakati mwingine chini ya hapo. Kama damu ingekuwa hukumu, pacha wote wangeugua pamoja. Wagonjwa wengi wa skizofrenia wana baba na mama ambao hawajawahi kuugua, kama ninyi wawili. Vinasaba huongeza uwezekano, kisha huja mambo mengine: matatizo wakati wa ujauzito na kujifungua, bangi inayovutwa tangu ujanani, misukosuko mikubwa ya maisha, na mengine. Ugonjwa wenyewe hupenda kujitokeza mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa miaka ya ishirini, umri uleule ambao vijana wetu wanaondoka nyumbani kwenda chuo, ndiyo maana majirani husema amerogwa huko au masomo yamemzidi.

Nadhani hapo ndipo penye kidonda chako. Mtoto akiharibikiwa, watu humtazama mama. Watasema hukumlea vizuri, ulimdekeza, ulimpiga, ulikuwa kwenye biashara zako. Umeona lawama zinakuja, ukawahi kuzielekeza kwa wakwe. Nakuelewa, tena katika hili ninakutetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwahi kuwalaumu akina mama kwa miaka mingi, wakidai kwamba ubaridi wa mama ndio unaomtia mtoto skizofrenia. Walikosea. Mwaka 1966 daktari Leonard Heston alichapisha habari za watoto 47 wa Oregon, Marekani, waliozaliwa na mama wenye ugonjwa huo waliokuwa wamelazwa, wakatenganishwa nao katika siku za mwanzo za uhai na kulelewa na watu wengine. Walipokuwa watu wazima, watano kati yao walikuwa na skizofrenia. Kati ya wengine 50 waliotengwa na mama zao vilevile, lakini mama wasio na ugonjwa huo, hakupatikana hata mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wamesema wahenga, na kwa tabia ni kweli. Kwa ugonjwa huu malezi yako hayakuuleta, na yeyote atakayekwambia vinginevyo mkatalie.

Lakini kuacha dawa ni kosa lako, na sitalizungukia. Dawa kama haloperidoli zinaweza kuleta mtetemo, kukakamaa na kutokwa na mate. Ni kweli uliyoyaona, na mama yeyote angeogopa kumwona mwanawe akishindwa kushika kikombe cha chai. Jambo hilo lina tiba. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kuzuia mtetemo. Alichohitaji ni wewe kumwambia. Wagonjwa wengi wanaoacha dawa ghafla hurudiwa na ugonjwa, na kila unaporudi unaweza kuwa mgumu zaidi kuutuliza. Ukitaka kumwombea, mwombee. Sala haijawahi kugombana na kidonge. Mganga anayesema uache vya hospitali ndipo aanze vyake, usimpe mwanao.

Nimuulizie na mama mkwe wako. Umeandika kwamba anaonja kila tonge kana kwamba wewe ndiye unayetia sumu. Soma tena maneno yako, mwanangu. Kijana anaamini chakula kina sumu. Bibi yake hakubishana naye, hakumkemea, hakulia. Anakula kwanza yeye, mtoto akiona bibi hajafa, naye anakula. Huyo mwanamke ameacha uwele wake shambani, akapata njia ya kumlisha mjukuu ambaye wewe na mimi tungeshindwa kumlisha, nawe umeiona kuwa ni tusi. Nenda ukamshukuru leo.

Kuhusu kufichwa, sitasema mume wako alifanya sawa. Alipaswa kukwambia. Hata hivyo, najua kwa nini watu huficha. Zamani mshenga alipotumwa, kazi yake mojawapo ilikuwa kuuliza kama katika ukoo ule kuna kifafa, ukoma au wazimu, na jibu la ndiyo liliwafungia mabinti wote wa nyumba ile. Familia zikajifunza kunyamaza. Siku hizi tumeacha hata kuuliza: kamati ya harusi inajua bei ya ukumbi, ya keki na ya mpiga picha, lakini bwana na bibi harusi hawajui wazazi wa mwenzao wanaugua nini. Ndoa zinafungwa kati ya watu waliojuana kwa picha na mishahara, kisha maradhi yakitokea kila mmoja anamwona mwenzake ametapeli. Ningependa vijana waulizane tena, wakiwa na nia ya kujiandaa, kwa maana anayejua kwamba katika familia kuna ugonjwa wa akili atamwahisha mtoto hospitali mapema, na kuwahi kunasaidia sana. Wewe nawe hukumwambia mume wako habari za mama yako, kwa hiyo katika kufichana mko sawa.

Kaka yako amekupotosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inapozungumzia maradhi ya akili inamhusu mwanandoa mwenyewe: ama awe alikuwa na wazimu au kifafa cha kujirudia wakati ndoa inafungwa, ama madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao mjuzi wa magonjwa ya akili, wathibitishe kwamba hawaoni tumaini la yeye kupona. Shangazi wa mume hahusiki. Hata ukitaka kwenda mahakamani, kwa kawaida utaanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na sijui utawaambia nini wazee wale zaidi ya kwamba mume wako alisema ukweli hospitalini. Sababu ya talaka sijaiona.

Binti yako ndiye anayenipa wasiwasi, kwa kuwa anauliza na hakuna anayemjibu. Mwambie ukweli wa hesabu: ndugu wa damu wa mgonjwa ana uwezekano wa takribani 9 kati ya 100, yaani ana nafasi kubwa mno ya kutougua. Mwambie hakuna kipimo cha damu, hapa wala ng'ambo, kinachoweza kumwambia mtu kwamba ataugua skizofrenia au hataugua, kwa hiyo asidanganywe na anayemuuzia. Mwambie bangi kwake ni hatari kuliko kwa wenzake, alale usingizi wa kutosha, na akianza kusikia au kuogopa mambo ambayo wengine hawayaoni, akwambie bila kuona aibu. Kuolewa ataolewa na kuzaa atazaa. Usimwache akayasikia haya kwanza kwa majirani, yakiwa yamepindishwa.

Mrudisheni kijana kliniki wiki hii, wewe na baba yake pamoja. Mwambie daktari lini uliacha dawa, mweleze mtetemo ulivyokuwa, mtaje mama yako na mjomba wako. Muulize mwanao kwa upole kama alivuta bangi chuoni, na akisema ndiyo, usimpige wala usimtangaze, mpeleke na jibu hilo kwa daktari. Mume wako umwombe radhi kwa kumwambia "mwanawe", kwa sababu naamini neno hilo ndilo lililomnyamazisha. Na kijana akisema anataka kujiua, au kwamba sauti zinamwamuru amdhuru mtu, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.