Mti hufyonza hewa ukaa, huhifadhi kaboni

Swali: Niliandika kwamba mti mmoja wa msitu wa tropiki "umehifadhi tani nne za hewa ukaa". Mhariri akafuta "hewa ukaa", akaweka "kaboni", akisema ni kitu kimoja. Je, ni kweli? Na bayomasi ndiyo tungamotaka?

Jibu: Si kitu kimoja, ndugu msomaji, na hapa badiliko la neno limeharibu hesabu.

Hewa ukaa ni gesi: atomi moja ya kaboni iliyoshikana na mbili za oksijeni. Kilo 12 za kaboni, zikishaungana na oksijeni, huwa kilo 44 za hewa ukaa. Tofauti hiyo inakaribia mara nne.

Tuchukue mti wenye kipenyo cha sentimita 50 kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Urefu wake mita 30, na ubao wake una gramu 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa mlinganyo uliochapishwa mwaka 2014 na mtafiti wa misitu Jérôme Chave na wenzake, uzito mkavu wa mti huo juu ya ardhi, yaani bayomasi yake, ni kama tani 2.3. Kaboni huhesabiwa kuwa asilimia 47 hivi ya uzito huo, kwa hiyo tani 1.1. Zidisha kwa 44, gawa kwa 12, unapata hewa ukaa tani 4. Tani zako nne zilikuwa za hewa ukaa. Mhariri alipoiacha nne ileile mbele ya "kaboni", aliupachika mti mzigo ambao haujawahi kuubeba.

Hata hivyo kitenzi chako nacho kina kasoro. Ukiupasua mti hutakuta gesi imefungiwa ndani. Majani huifyonza hewa ukaa, kaboni yake ikageuzwa sukari, na sukari ikajenga ubao, magome na mizizi. Kinachohifadhiwa ni kaboni. Ningeandika: "Mti huu umehifadhi tani 1.1 za kaboni, sawa na tani 4 za hewa ukaa." Vipimo vyote viwili vimo, na msomaji hapotei. Lugha yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia: "ukaa" lina undugu na makaa, na makaa ni mti uliobaki na kaboni yake baada ya maji na moshi kutoka.

Kuhusu tungamotaka, neno hili limezoeleka kwenye mambo ya nishati: kuni, pumba, samadi, mabaki ya mazao. Huko linafaa. Lakini "taka" iliyomo ndani yake inaukosea heshima mti uliosimama, wenye majani mabichi. Sehemu ya kwanza, "tungamo", naipenda sana. Imetoka kwenye kutungama, kama damu inavyotungama, kitu kikashikamana kikawa kizito. Kwa msitu ulio hai ningebaki na "bayomasi", na mara ya kwanza nieleze kuwa ni uzito mkavu. Neno "mkavu" lisiachwe, kwa sababu katika mti mbichi maji yanaweza kuwa karibu nusu ya uzito.

Hukuuliza hili, lakini nimeliona mara nyingi mno: "wataalamu walipima kaboni ya msitu." Walichopima ni kipenyo. Kwanza huondoa mmea unaotambaa uliojizungusha shinani, maana utepe wa kupimia ukipita juu yake mti unanenepa bure. Na mizizi ikiwa imetanuka kama mbawa, hupanda wakapimia juu ya mbawa hizo. Kisha hutumia mlinganyo uliotokana na miti iliyokatwa na kupimwa uzito, vipande vyake vikakaushwa kwenye tanuri. Mlinganyo niliotaja ulijengwa juu ya miti 4,004. Kitenzi chake ni kukadiria. Wengine huweka "kukisia", nami silikubali: anayekisia hana kipimo mkononi, ilhali anayekadiria ana kipimo kimoja na anakitumia kufikia kingine. Andika "walipima vipenyo, wakakadiria kaboni", na kila kitenzi kitakuwa mahali pake.