Akae hadi majiko yaingie ndani

Mmeuliza wiki hii kama tafiti za maisha ya kila siku majumbani zina faida yoyote kwa wanaotunga nadharia za miji. Swali limenigusa penyewe, kwa hiyo nitajibu lile nililotamani mliulize: mtafiti akae saa ngapi ndani ya nyumba ya watu kabla hajaruhusiwa kuiandika?

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili kama mnavyozijua: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, baraza mbele, ua nyuma na choo cha wote. Siku moja akaja mwanafunzi wa chuo na tepu ya kupimia. Akapima kila ukuta, akachora, kisha juu ya korido akaandika "njia". Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele palepale kwenye hiyo njia, akamwambia, "Mwanangu, hebu kaa kwanza." Akapewa kigoda. Mvua ikanyesha. Majiko ya mkaa yakaingizwa kutoka uani, kila moja mlangoni kwa mwenyewe, na hapo unajua nani anapika nini na nani leo hana cha kupika. Chakula kikaisha, mkeka ukatandikwa, watoto wakalala. Alasiri pakawa saluni, dada wa chumba cha nyuma akisuka watu kwa zamu. Magharibi wanaume wakirudi kazini wanapiga hodi, wanapita macho chini hadi vyumbani, kisha wanatoka barazani. Usiku ikaingizwa pikipiki ya mpangaji, komeo likafungwa. Kijana aliporudi alileta michoro kadhaa ya nyumba ileile, kila mmoja na saa yake. Mama mwenye nyumba akaikagua, akasema ule wa jioni umesahau kuku.

Ukubwani ndipo nilipomjua Henri Lefebvre, Mfaransa aliyetoa hoja mwaka 1974 kwamba nafasi haikai tupu ikisubiri kujazwa, jamii ndiyo inayoizalisha. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, aliongoza taasisi ya sosholojia ya miji ambayo watafiti wake waliwahoji wakazi wa nyumba ndogo zenye bustani, zile zilizodharauliwa na wasomi. Utafiti ulipotoka mwaka 1966, dibaji aliandika yeye. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni ndiyo, utafiti wa majumbani ulitangulia nadharia, na nilitaka kuishia hapa.

Ila kuna kitu kinanikera kadiri ninavyoandika. Korido yetu ilifanya kazi zote zile kwa sababu hatukuwa na pengine. Msomi akisifia mno ubunifu wa wakazi, anampunguzia deni yule anayepaswa kuleta maji na mfereji wa majitaka. Na yule kijana, pamoja na michoro yake mizuri, sikumsikia akiuliza kodi ni shilingi ngapi.

Basi nadharia ianzie uani, lakini na wenye uani waulizwe wanataka nini. Waliohamia Magomeni Kota, maghorofa ya kaya 644 yaliyozinduliwa mwaka 2022, mtafiti akae nao kwa subira ileile: msiba unakaa wapi, sufuria la pilau linainjikwa wapi? Wakisema hawarudi kwenye korido, waandikwe hivyohivyo. Mimi mwenyewe nikipewa choo changu peke yangu na ufunguo wake, nahama leo. Ila mniulize tena ukitokea msiba wa kwanza.