Gari la dizeli likichemsha: uliza linachemsha wapi kabla ya kushika spana

Gari la dizeli likianza kuchemsha, ushauri wa kwanza utakaoupata kwenye gereji nyingi za Dar ni ule ule: "Toa themostati, huku kwetu joto." (Themostati ni kile kivalvu kinachofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto.) Wa pili ni kubadilisha rejeta. Wa tatu, baada ya laki kadhaa kukatika, ni kushusha silinda hedi, yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini. Mimi naendesha Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ, lita 3 na tabo, na wenye injini hizo wanaijua hedi yake ya aluminiamu: ikichemka sawasawa mara moja tu, inaweza kupata ufa. Ndiyo maana siku hizi hakuna mtu anayefungua kitu kwenye mfumo wa maji wa gari langu kabla hatujapima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Ni swali: linachemsha wapi, na lini?

Likichemsha kwenye foleni ya Mbagala halafu likapoa ukishatoka na kushika mwendo, rejeta huenda ni nzima. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani ndio unaopooza. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni, kwa hiyo tatizo liko kwenye feni, klachi yake au kava lake. Likiwa kinyume chake, yaani mjini limetulia lakini ukikanyaga barabara kuu au ukipanda mlima na mzigo mshale wa joto unapanda, feni haina kesi kubwa. Hapo maji hayazunguki ya kutosha, au rejeta imeziba ndani, au themostati inafunguka nusu, au gesi ya ndani ya silinda inaingia kwenye maji. Likichemsha ndani ya dakika chache tangu uliwashe la baridi, huku mpira wa chini wa rejeta bado haujapata hata uvuguvugu, fikiria themostati iliyoganda, hewa iliyonasa, au gesi hiyo hiyo. Na likipunguza maji bila kuchemsha, shukuru, maana umepewa muda wa kutafuta linakovuja.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar kwenda Iringa, unastahili aya yake. Unatoka Ruaha Mbuyuni bondeni, hewa imeshakuwa moto, halafu unaanza kupanda nyuma ya lori la mafuta kwa gia ya kwanza au ya pili. Injini inafanya kazi yake yote na upepo wa mbele karibu haupo. Kwa hiyo gari linalochemsha Kitonga peke yake linaweza kuwa na ugonjwa wa feni au wa rejeta, na mara nyingi ni vyote viwili kidogo kidogo. Anza na feni, ndiyo rahisi.

Neno kuhusu mshale wa dashibodi. Kwenye Toyota nyingi mshale huo umetengenezwa ukae katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukiuona umeanza kusogea juu, mambo yameshaharibika kitambo. Tena maji yakiisha kabisa, kihisi kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka, ukadhani gari limepoa. Kama gari lako lina soketi ya OBD, ile ya kuunganishia kompyuta ya fundi, nunua kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu, usome nyuzi halisi. La zamani kama langu unalifungia geji ya pembeni yenye kihisi chake, pamoja na alamu ya maji kupungua. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na hedi.

Sasa vipimo vyenyewe. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa la moto, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba amezoea.

Naanza na huo mfuniko, kwa sababu ni kifaa cha bei ndogo kinachosingizia vifaa vya bei kubwa. Juu yake pameandikwa namba, kwa kawaida 0.9 au 1.1, ndiyo presha ambayo mfuniko unaishikilia. Kwa presha ya 0.9, maji matupu yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar yanasubiri mpaka karibu 120. Mfuniko ukichoka, yanarudi kuchemka kwa 100, na ukifika Iringa, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500, yanachemka kwa kama 95. Injini nzima kabisa inaweza kufanya kazi karibu na joto hilo. Kwa hiyo mfuniko mbovu unaweza kujificha Pwani mwaka mzima, ukakuumbua nyanda za juu. Angalia mpira wake kama umekakamaa au umepasuka, na kile kivalvu kidogo cha katikati kama kinavutika na kurudi. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea na kushikana asubuhi baada ya gari kulala, kivalvu hicho kimeziba: maji yanashindwa kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba. Nunua mwingine wenye namba ile ile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu, utapasua mipira na matangi ya plastiki.

Baada ya hapo ni pampu ya presha, ile ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko. Gereji zenye kujiheshimu zinayo, na siku hizi inauzwa hata Kariakoo. Jaza presha mpaka namba ya mfuniko, isizidi, kisha acha robo saa ukiangalia geji. Ikitulia, huna mvujo wa nje wa kuogopesha. Ikishuka, tafuta: maungio ya mipira, mshono kati ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo liliwekwa makusudi ili sili ikifa maji yatokee hapo, kwa hiyo usikubali mtu alizibe kwa gundi. Ingia na ndani ya gari uguse zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na maji yenye utamu-utamu wa harufu, au vioo vinafuka ukungu unaoteleza kama mafuta, hita imetoboka. Prado na Surf nyingi zina hita ya nyuma pia, na mabomba yake yanapita chini ya gari kwenye mawe na matope. Hapo ndipo wengi hawaangalii.

Geji ikishuka na hakuna tone popote, maji yanakwenda ndani. Iache na presha, toa plagi za kupashia moto, kaa mbali na matundu yake, mwambie mtu apige stata. Silinda yenye shida itatema maji. Kwenye dizeli mpya zaidi zenye kipozeo cha EGR (kinachotumia maji kupooza moshi unaorudishwa kwenye injini), kabla ya kuhukumu hedi, fungua bomba la EGR uangalie ndani. Kipozeo kikitoboka, maji yanaenda kuungua kwenye injini na kutoka kama moshi mweupe, dalili zote zikifanana na za gasketi ya hedi iliyoungua.

Feni. Gari nyingi za dizeli za aina hii zina klachi ya mafuta mazito ya silikoni, inayoshika joto likipanda. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa baridi inatakiwa iwe na ubishi kidogo. Ikiwa ya moto, ubishi uongezeke. Ukiizungusha mara moja ikaendelea yenyewe mizunguko kadhaa, imekufa. Dalili nyingine ni mistari ya mafuta yenye vumbi inayotoka katikati ya klachi kwenda kwenye mapanga. Na kwa sikio: gari likiwa limepata moto, ongeza mafuta kidogo. Unatakiwa usikie mvumo, kama upepo mkali unaoingia dirishani. Kimya ni dalili mbaya. Usijaribu kuisimamisha kwa gazeti wala fimbo, kama nilivyoona baadhi wakifanya, itakuondolea vidole.

Angalia pia kama kava la feni lipo. Hili linanikera. Fundi analitoa ili mkono wake upite, kazi ikiisha linabaki chini ya benchi, na mwenye gari anaambiwa halina kazi. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile iliyoko kwenye boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Themostati inapimwa jikoni, kwenye sufuria iliyostaafu. Ifunge uzi, ining'inize kwenye maji bila kugusa kitako, weka na kipima joto. Namba yake imegongwa kwenye chuma, mara nyingi 76 au 82 kwa dizeli za Toyota. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na maji yakikaribia kuchemka iwe wazi kwa milimita kama 8 hadi 10, kisha ifunge tena ikipoa. Isipofunga, nayo ni mbovu: injini itakuwa inafanya kazi ya baridi, inakula dizeli na kuchakaa. Wakati wa kuirudisha, kile kipini kinachocheza kikae juu ili hewa ipite.

Hapa nirudi kwa wale wa "toa". Themostati ya injini hizi ina sahani ya chini inayoziba njia ya mkato joto likipanda, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupoozwa. Unaweza kukuta gari limekuwa la baridi kwenye tambarare na la moto zaidi mlimani. Joto la Dar halina uhusiano wowote na jambo hilo.

Rejeta ipime kwa macho na kwa joto. Kwa macho, toa skrubu za juu uchungulie katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Ukipita barabara za vumbi na majani, utakuta blanketi zima la mbegu na wadudu. Lioshe kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kwa joto, tumia kile kipima joto cha bunduki: injini ikiwa ya moto na themostati imefunguka, pitisha mstari kwa mstari kwenye uso wa rejeta. Joto lipungue taratibu kutoka maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Doa la baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Elekeza kwenye mpira au rangi nyeusi, chuma kinachong'aa kinadanganya kipimo. Rejeta ya shaba inafunguliwa na kuzibuliwa kwa fito. Ya aluminiamu na plastiki ni ya kubadilisha.

Limebaki swali la gesi. Washa injini ya baridi kabisa, ushike mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo haitokani na joto. Inatoka silinda. Dalili nyingine ni mpira kuwa bado mgumu asubuhi baada ya kulala usiku kucha. Kuna pia kipimo cha maji ya bluu kinachonyonya hewa ya juu ya rejeta. Kwenye petroli kikigusana na gesi kinageuka njano. Kwenye dizeli kinaweza kuishia kijani, kwa sababu injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo inatoa kaboni dayoksaidi kidogo sana. Kwa hiyo kikibaki bluu gari likiwa limesimama, usitoe hukumu. Lipeleke likapande mlima, kisha pima tena. Na usikiruhusu kinyonye maji ya rejeta, kinaharibika.

Ukikuta mafuta yanaelea kwenye rejeta lakini oili ya dipstiki ni safi, shuku kipozeo cha oili kwanza, kwa sababu injini ikiwaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Kwa gari la otomatiki, mchanganyiko wa rangi ya waridi ni oili ya gia iliyopita kwenye tangi la rejeta, na hapo usiliendeshe hata kidogo.

Hedi ikishushwa kweli, usikubali isawazishwe tu na kurudishwa. Ipelekwe kwanza ikapimwe presha ndani ya maji ya moto, maana nyufa nyingi hujifunga ikiwa baridi. Kusawazisha hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili.

Wakati wa kujaza, changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya kisima ya Dar yenye chumvi yatakula chuma. Egesha pua ikiwa juu, fungua hita zote kwenye moto, jaza polepole ukiminya mipira, acha injini iungurume mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Likipoa ongeza. Kisha chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya akiba, na kila asubuhi kabla ya kuwasha linganisha, mpaka upite mlima wenye mzigo na mstari ukabaki pale pale.