Italia bila kusukumana: nenda Molise

Dada, umeuliza ni wapi Italia utapata miji ya kale na mashamba bila msongamano wa Roma na Venezia, kwa siku nne. Mimi nakwambia Molise. Ni mkoa mdogo, ulitenganishwa na Abruzzo mwaka 1963, na Waitalia wenyewe huutania kwamba haupo.

Siku ya kwanza ipe Saepinum, karibu na kijiji cha Sepino. Ni magofu ya mji wa Kirumi katikati ya malisho. Barabara yake kuu ni njia ya kuswagia kondoo, kongwe kuliko mji wenyewe. Makundi ya kondoo yalipita humo kwenda Puglia, mkoa wa tambarare upande wa kusini, kukwepa baridi ya milimani. Kwenye lango la mji liitwalo lango la Bojano kuna maandishi ya karne ya 2 yanayowaonya wakuu wa mji waache kuwasumbua wachungaji. Kumbe usumbufu wa njiani haukuanza leo! Nyumba za wakulima nazo zimejengwa juu ya ukumbi wa maonyesho, zikafuata upinde wake.

Kijiji cha Pietrabbondante usikiruke: kina ukumbi wa maonyesho wa Wasamniti, watu walioishi huku kabla ya Warumi, na viti vyake vya mawe vina egemeo lililopinda, mgongo unatulia kuliko kwenye basi. Katika mji wa Agnone wanatengeneza kengele za kanisa hadi leo, na jibini ya caciocavallo imetundikwa mbilimbili kwa kamba.

Kodisha gari. Mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili utasubiri mpaka uchoke. Treni ya pwani itakushusha Termoli, mji wa pwani wa Molise, chukulia gari hapo.