Umepangiwa shule uliyosoma? Usiiache shikamoo yako getini

Kuna binti kaniandikia juzi. Kapata ajira, kapangiwa kituo, na kituo chenyewe ni sekondari ileile aliyomalizia kidato cha nne. Mwalimu wake wa fizikia bado yupo, na inaelekea watakaa meza jirani. “Dada, nitamwitaje mbele ya wanafunzi? Na wakinipa cheo je?”

Nilicheka, maana swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Mimi nilirudi shuleni kwangu nikiwa na shahada yangu na begi moja. Ni shule ya kata huko milimani Lushoto, ambako ukungu huingia darasani bila hodi. Miaka ya mwanzo nairuka, haina la kusimulia: vipindi, zamu, kusahihisha. Mambo yalianza siku Mkuu aliposoma majina kikaoni nikasikia mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Kwa asiyejua, taaluma ndiye anayepanga ratiba, anayekusanya maandalio ya somo na kuuliza kipindi cha tatu Kidato cha Pili B kilikosaje mwalimu. Na aliyekikosa kile kipindi mara nyingi alikuwa mzee wangu wa hesabu, yule aliyenifundisha kutafuta x.

Walimu vijana pale ofisini walimwita “ticha”. Wengine “mzee”. Mimi nilibaki na “Shikamoo, mwalimu”, kila asubuhi, hata kama darasa zima linanitazama. Wenzangu walinicheka. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba nikishamwamkia hivyo sitaweza kumdai kitu.

Nilimdai. Nilimkuta mezani, kalamu nyekundu iko sikioni, anamenya yai la chai ya saa nne.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimefuata maandalio ya wiki hii.”

Hakujibu. Alimenya lile yai mpaka likaisha, akalitia chumvi, akang'ata. “Mimi nilikuwa naandaa somo wewe hujazaliwa.”

“Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana nimeanza na wewe.”

Akafuta vidole, akavuta droo. Daftari lilikuwamo, limeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kulala, tarehe zote kwa wino mwekundu. Nikasaini chini ya sahihi yake. Sitajidai hapa kwamba sikusikia raha. Nilisikia. Mtoto wa muuza karoti nakagua daftari la mtu aliyekuwa akinitoa jasho ubaoni, na bado ananiita mwanangu.

Hapo ndipo utakapojua kwamba kumwamkia mtu hakukupunguzii mamlaka. Tena kunakufungulia njia, kwa sababu akishaitikia marahaba, kukunyima unachoomba kunakuwa kugumu. Mwamkie kwanza, kazi ifuate. Ukimaliza kazi, muage kwa heshima ileile.

Lakini heshima ina pande mbili, na upande wa pili wengi hawausemi. Siku ya kikao cha wazazi, mwalimu wangu mwingine, ambaye simtaji, alisimama kunitambulisha: “Huyu taaluma wenu mimi nimemchapa sana, alikuwa analilia hesabu za kugawanya.” Wazazi wakaangua kicheko. Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa madirishani. Wiki ile yote nilisikia watu wanagawanya na kulia nyuma ya madarasa. Mpaka leo tukikutana sokoni namwamkia, na marahaba yake naipokea, ila moyo haujakunjuka. Sikumjibu siku ile na sijutii. Kama yatakukuta, nawe usimjibu mbele za watu. Mfuate ofisini, mwamkie, kisha umwambie palepale kwamba hukupenda.

Sasa niwageukie ninyi mliofanikiwa, mnaorudi siku ya mahafali na gari la vioo vyeusi kama wageni rasmi. Mmoja alipanda jukwaani kwetu akaanza kuwataja walimu wake kwa majina ya utani. Watoto walipiga kelele za furaha. Mzee wa watu alikuwa amestaafu na amebakiza hatua chache za maisha ya utulivu, akajikuta jina alilolikwepa miaka yote limefufuliwa kwa kipaza sauti, na watoto wa mtaani kwake wakalidaka. Jina la utani ni la bwenini, libaki bwenini. Na hiyo “mzee wangu” mnayoisema huku mnampiga mtu begani, hivyo ndivyo mpiga debe anavyomwita abiria asiyemjua. Mtu aliyekusahihishia daftari ana jina lake, nalo ni mwalimu.

Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akaongoza nchi hadi 1985, na watu hawakuacha kumwita Mwalimu. Kule Zanzibar, Seif Sharif Hamad alifundisha kabla ya siasa, akafika Makamu wa Kwanza wa Rais, na mpaka anafariki Februari 2021 alikuwa Maalim Seif. Kama jina hilo halikufutwa na Ikulu, litafutwaje na wewe kupewa daftari la taaluma?

Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumatatu ukiripoti, anza kwa Mkuu na barua yako. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwenye meza ya mwalimu wako wa fizikia kabla hajainuka yeye kuja kwako. Mwamkie kwa sauti ya kusikika na walimu wengine, umtajie jina lako na mwaka uliomaliza, maana amefundisha wengi na si lazima akukumbuke. Ukikuta yuko kipindi, msubiri ofisini. Usimwamkie kupitia dirishani. Na kama kiti walichokupa ni kile alichozoea kuegeshea mkoba wake, muulize kwanza auweke wapi.