Miguu inayowaka, miguu iliyopoa

Barua za toleo hili karibu zote ni za miguu. Miguu ndiyo kazi niliyoifanya kama muuguzi mpaka nikastaafu, na sasa ni maradhi yangu pia: nina kisukari, na nyayo zangu zimekufa ganzi hadi kwenye vifundo. Kabla ya majibu, naomba mlishike jambo moja. Mguu unaweza kuugua mishipa ya fahamu, unaweza kuugua mishipa ya damu, na wengine wetu tunaugua yote mawili. Malalamiko hufanana, lakini kinachomfaa huyu kinaweza kumkatisha mguu yule. Jua kwanza wako ni upi, ndipo upokee ushauri wa mtu.

SWALI: Nina miaka 58 na kisukari cha siku nyingi. Mchana nahisi kama nakanyaga pamba. Usiku nyayo zinawaka moto, hata shuka ikinigusa nashtuka. Naweka miguu kwenye beseni la maji baridi ndipo napata ahueni. Mume wangu anasema nitumie maji ya moto na chumvi. Paracetamol haifui dafu. Nifanye nini nilale?
*Mama Asiyelala*

Pole sana, dada yangu. Najua usiku huo ulivyo mrefu.

Unayoyaeleza ni ya mishipa ya fahamu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huiumiza, na ile mirefu kuliko yote, inayoteremka kutoka kiunoni hadi ncha za vidole vya miguu, ndiyo huanza kuharibika. Kwa hiyo shida huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda polepole. Watu huniuliza mguu uliokufa ganzi unawezaje kuwaka. Mshipa wa fahamu ulioumia huacha kupeleka habari za kweli na kuanza kupeleka za uongo. Haukwambii kwamba umekanyaga msumari, lakini unakwambia unaungua na moto haupo. Usiku hakuna kazi wala mazungumzo ya kukusahaulisha, basi maumivu yanatawala.

Beseni liondoke, la baridi na la moto. Nimefunga miguu mingi iliyoungua kwa maji ya moto ya nia njema: mtu anatumbukiza miguu, hasikii kitu, anakuja kuona malengelenge wakati anajifuta. Maji baridi nayo, ukiyakalia kila usiku, yanalainisha ngozi mpaka inachanika katikati ya vidole, na vijidudu vinapata pa kuingilia. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi joto la mwili. Mume wako ndiye ayapime kwa kiwiko. Mguu wako usitumike kupimia. Na kuhusu shuka, chukua boksi la karatasi ngumu, likate pande mbili zinazotazamana, liweke kitandani juu ya miguu, kisha tandaza shuka juu yake. Shuka haitakugusa tena. Nalala hivyo mwenyewe.

Paracetamol haikusaidii kwa sababu maumivu haya yanatoka kwenye mshipa wa fahamu wenyewe. Dawa zinazotumika ni amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Karatasi ya ndani ya boksi itakwambia hii ni ya sonona au ile ni ya kifafa. Usidhani daktari amekosea. Dawa hizo hizo hutuliza mishipa ya fahamu. Huanzwa kwa dozi ndogo, zikapandishwa taratibu, na huchukua wiki kadhaa kabla hujajua kama zinakufaa, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu. Mwambie daktari kama una tatizo la moyo, la figo, la presha ya macho au la mkojo kuziba, maana uchaguzi na dozi hubadilika. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo ukiamka usiku kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Usiziache ghafla. Na tusidanganyane: wengi wetu maumivu hupungua mpaka tukalala, lakini hayaishi yote.

Hukusema unatumia dawa gani ya sukari. Kama ni metformini na umeinywa miaka mingi, omba upimwe vitamini B12 kwenye damu. Metformini inaweza kuishusha, na B12 ikipungua nayo huumiza mishipa ya fahamu vile vile. Hilo linatibika, na linasahaulika mno.

SWALI: Nina miaka 66, navuta sigara tangu ujana. Nikitembea mwendo mfupi, nyama ya nyuma ya muundi wa kulia inabana mpaka nasimama. Nikipumzika dakika chache inaachia, naendelea. Binti yangu kaninunulia soksi za kubana ili damu itembee. Siku hizi vidole vya mguu huo vinauma usiku, nafuu naipata nikiuning'iniza nje ya kitanda.
*Baba wa Binti Mwema*

Shikamoo mzee wangu. Wewe nilikupigia simu kabla ya toleo kwenda mtamboni, kwa sababu sentensi yako ya mwisho haikustahili kungoja. Naichapa barua kwa ajili ya wengine walio kama wewe.

Hii ni mishipa ya damu. Mafuta yameganda ndani ya ateri, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, na njia imekuwa nyembamba. Ukiwa umekaa, damu kidogo inayopita inatosha. Ukitembea, misuli inadai zaidi, haipati, inabana. Lakini mguu unaouma usiku umelala, ukatulia ukiuteremsha, unasema damu haitoshi hata wakati wa kupumzika, na ile inayofika inasaidiwa na kuteremka tu. Hapo mguu uko hatarini. Mtu wa namna hiyo aonwe na daktari wa mishipa ya damu ndani ya siku chache. Asikae akisubiri tarehe ya kliniki ya miezi ijayo. Ateri inaweza kuzibuliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani yake, au damu ikatengenezewa njia ya pembeni kwa upasuaji, mradi mtu awahi. Na mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali, ni dharura ya saa, hata kama ni usiku wa manane.

Binti yako ana moyo mzuri, lakini soksi hizo zivuliwe. Soksi za kubana zina wagonjwa wake, wenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizolegea na miguu inayovimba. Mguu unaokosa damu ya ateri ukibanwa, unanyang'anywa hata ile kidogo. Mtu yeyote asizivae kabla hajapimwa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala chali, unafungwa mkanda wa presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu, na kifaa kidogo kinasikiliza damu ikipita. Namba ya juu ya presha ya kifundo inagawanywa kwa ile ya mkono. Kati ya 1.0 na 1.4 ni kawaida. Chini ya 0.9 ateri zimekuwa nyembamba. Wenye kisukari tuwe waangalifu na namba inayozidi 1.4: si mguu wenye afya kupita kiasi, ni ateri zilizokuwa ngumu hata mkanda haziwezi kuzibana. Hapo omba presha ipimwe kwenye kidole gumba cha mguu.

Wale ambao maumivu huja wakati wa kutembea tu, na daktari amethibitisha, dawa yao kubwa ni kutembea. Tembea mpaka maumivu yawe makali, simama yaishe, anza tena, dakika 30 hadi 60, angalau mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3 na kuendelea. Maumivu hayo hayaharibu msuli. Umbali huongezeka, nimeuona ukiongezeka kwa watu waliokuwa wameshakubali kukaa kitini.

Sigara, mzee wangu, iache. Hakuna kidonge kitakachoshindana na kila pakiti unayoimaliza. Na dawa ya kolesteroli na ya kuzuia damu kuganda utakazoandikiwa zichukue kwa uzito, kwa sababu ateri za miguu zikiwa hivyo, za moyo na ubongo haziko mbali na hali hiyo.

SWALI: Mama yangu alilalamika miguu kuwaka kwa miaka, sasa anasema imepona, haisikii kitu. Anatembea pekupeku ndani ya nyumba na amekataa kwenda kliniki. Nikimwambia tuikague anasema namtafutia ugonjwa. Niangalie nini, na nimwambieje?
*Kifungua Mimba*

Mwanangu, barua yako ndiyo iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu wagonjwa niliosindikiza wakakatwe vidole wengi wao hawakuwa wakilia kwa maumivu. Walikuwa wanasema hivyo hivyo: imepona, haisikii kitu.

Daktari wa upasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyekwenda Vellore, India, mwaka 1946, aliwatazama wagonjwa wa ukoma ambao watu waliamini ugonjwa unawaozesha vidole. Alichoonyesha ni kwamba nyama yao ilikuwa nzima. Walikuwa wanajiumiza kila siku bila kusikia, wakaendelea kuukanyagia mguu ule ule wenye kidonda. Mguu wa kisukari uliokufa ganzi uko njia moja na huo.

Kwanza jua kama kweli hasikii. Kuna njia isiyohitaji kifaa, iliyobuniwa Ipswich, Uingereza. Mama alale, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa: kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu. Kila akisikia aseme ni wa kulia au wa kushoto. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, hisia zimepungua, na ana haki ya kupimwa kliniki kwa uzi wa nailoni. Mfanyie mbele ya mdogo wako au mjukuu, kisha naye mjukuu afanyiwe. Mama akiona mtoto anataja vyote sita na yeye vinampita, huenda maneno yako yasihitajike.

Ukaguzi ufanyike kila jioni, mahali penye mwanga. Nitakueleza ninavyojifanyia. Nakaa kitandani, naweka kioo sakafuni chini ya unyayo. Naanza na kisigino: mpasuko mkavu hapo ni mlango. Natanua vidole kimoja kimoja, naangalia weupe wa unyevu, harufu, mchaniko. Natazama chini ya kidole gumba na chini ya mifupa inayobeba uzito, panapoota sugu. Sugu yenye doa jeusi au jekundu ndani ina damu chini yake, na mara nyingi kuna kidonda hapo kisichoonekana. Isikatwe kwa wembe nyumbani, wala isiwekwe dawa ya kuyeyusha sugu. Apunguziwe na muuguzi au mtaalamu wa miguu. Halafu nagusa kwa mgongo wa mkono kuona kama pana joto kuliko upande wa pili. Mafuta napaka kote isipokuwa katikati ya vidole. Soksi ya rangi nyeupe hunisaidia, tone la damu halijifichi.

Na kiatu, mwanangu, kiingizwe mkono kabla ya mguu. Kuna mzee alikuja kliniki kwa miadi ya kawaida, nikamvua kiatu, kikaanguka kifuniko cha chupa. Alikuwa amekivaa tangu asubuhi, na meno ya kifuniko yalikuwa yamechora duara zima kwenye unyayo, ngozi imeshachanika upande mmoja. Alikitazama kifuniko, akanitazama, hakuwa na la kusema. Kidonda kile kilichukua miezi kupona, na kilipona kwa sababu kilionekana siku ile ile.

Kwa hiyo pekupeku iishe, hata ndani, hata kwenda chooni usiku. Mnunulie viatu alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, pabaki kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Kidonda chochote, hata kidogo na kisichouma, kionwe na mhudumu wa afya siku hiyo au kesho yake.

SWALI: Mguu wangu wa kushoto umevimba, mwekundu, una joto. Hakuna kidonda na hauumi sana. Nina ganzi ya kisukari. Niendelee na kazi?
*Fundi*

Hapana. Usiukanyagie tena, na uende hospitali leo. Inaweza kuwa maambukizi au damu iliyoganda kwenye vena, na inaweza kuwa mguu wa Charcot, unaoitwa kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyeeleza viungo vya namna hii mwaka 1868. Mifupa ya mguu usiosikia inavunjika na kusogea huku mwenyewe anatembea, na wayo unaishia kuharibika umbo. Hutibiwa kwa plasta na kutoukanyagia kwa miezi. Waambie waziwazi: "Nina ganzi, je, hii si Charcot?" Picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo isikutulize peke yake.

SWALI: Sina kisukari, nimepimwa. Mbona vidole vya miguu vinakufa ganzi na kuchomachoma? Na je, hisia hurudi?
*Msomaji wa Siku Zote*

Kisukari si sababu pekee. Pombe nyingi, upungufu wa B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, figo, virusi vya ukimwi, ukoma, na dawa kama zile za saratani zinaweza kuleta hali hiyo. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo inaweza, na ndiyo sababu wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kurudi kwa hisia kunategemea chanzo na muda. Upungufu wa B12 ukiwahiwa, wengi hupata nafuu. Ganzi ya miaka mingi ya kisukari kwa kawaida hairudi, hudhibitiwa isiendelee. Andika dawa zote unazotumia na dozi zake kwenye karatasi, pamoja na vitamini ulizojinunulia mwenyewe, uende nayo. Vitamini B6 nyingi mno nayo huumiza mishipa ya fahamu, na daktari hawezi kujua kama hukumtajia.